Ushuru wa Uchakavu

Daftari hili lilikuwa la madeni ya alizeti:
Nhonya, magunia mawili.
Mama Sechelela, debe na nusu, atalipa Pasaka.
Ukurasa wa kati nimeupiga mstari kwa rula ya mtoto,
nikaandika juu: GARI.

Bei yake huko linakotoka haitishi.
Ng'ombe wanane wa Bahi, wenye nundu.
Nikasema ninao sita, na mitamba miwili ina mimba.
Nikampigia Yeremia, mtoto wa dada, anayetoa magari bandarini.
Alicheka mpaka salio langu likakaribia kukata.
"Mama mdogo, hiyo ni bei ya kulipenda.
Bado bei ya kulileta."

Akasoma, nikaandika.
Ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa.
Ongezeko la thamani (thamani gani imeongezeka,
nami hata usukani sijaushika?)
Tozo ya reli, ingawa gari litapanda Dodoma kwa tairi zake.
Usajili. Kibao cha namba.
Kisha akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa wa jirani:
"Na uchakavu."

Yaani limezeeka, na uzee unatozwa.
Anayeshusha jipya, viti bado vimevaa nailoni,
hadaiwi umri wa chuma.
Mimi wa mtumba, koti la mtumba, godoro la mtumba,
nalipia na makunyanzi ya bonati.

Mama mkwe alikuwa anapukuchua kunde.
"Lina miaka mingapi hilo?"
Kumi na mitano.
"Kumbe mtoto," akasema, akaendelea.

Nikauliza kwingine. Maumivu ya pesa hutaka wenzake.
Mazoya, tuliyesoma naye Msalato, kaolewa Unguja:
kwao nafuu kidogo, ila ukilivusha kuja bara
tofauti inakungoja gatini, ina kalamu na muhuri.
Kaka yuko Lusaka:
kule barabara unailipia kwa kipindi,
ukisahau tarehe, askari hasahau.
Nikamwambia sisi ada hiyo tunainywa ndani ya lita,
hata jenereta la kanisa linalipia lami.
Binti wa mchungaji yuko Uholanzi:
wanatoza kwa uzito,
gari linahukumiwa kilo kama gunia mizanini Kibaigwa,
na kuna majirani zao wanaotoza moshi.
Shukuru Mungu hakuna anayetoza vumbi.
Hombolo yote tungekuwa mahabusu.

Nikachora safu. Unguja, Lusaka, Uholanzi, kwetu.
Kwacha nikaigeuza shilingi, euro nikaigeuza shilingi,
shilingi nikazigeuza magunia, maana magunia ndiyo nayajua.
Huku wanakamua mlangoni, kule wanakamua kila mwaka,
kwingine kidogo kidogo kwenye pampu.
Kiwele ni kile kile.

Taa ya sola ilikuwa inafifia
nilipoona safu moja tupu pembeni.
Sikujua niiite nchi gani.
Nikaandika: HAPA, BILA GARI.

Fuso la Chedego, gunia moja katika kila manane.
Mvua ya Machi, alizeti ziliota ndani ya magunia
zikisubiri zamu.
Bodaboda ya usiku kwenda Jenerali, na Lusayo ana degedege,
nikalipa bei aliyotaja, sikuibishia.
Bei ya sokoni saa nne asubuhi, na bei ya saa tisa
nilipofika mimi.
Hakuna risiti hata moja.
Hakuna aliyeniita mlipakodi.

Safu ile ilishuka, ikapita mstari wa chini,
ikaingia kwenye ubao wa jalada.

Asubuhi nilikwenda zizini na daftari.
Nikawahesabu tena. Sita.
Yule mwenye baka jeupe alinisogelea, akalamba jalada,
akaacha ute juu ya neno GARI.
Nikalifuta kwa khanga.
Nikampigia Yeremia:
"Rudia polepole. Anzia kwenye uchakavu."