Habari za Asubuhi

Siku ya kwanza niliingia saa mbili usiku,
nikainama, nikasema, "Habari za jioni."
Bwana Hyodo hakugeuka. Alikuwa juu ya ngazi,
misumari mitatu mdomoni.
"Hapa ni asubuhi tu," akasema.
"Ukija adhuhuri, asubuhi. Ukija usiku wa manane, asubuhi.
Haya, toka, uingie upya."

Nikatoka. Mvua. Nikaingia.
"Habari za asubuhi."
Nikaandika neno la kwanza katika daftari
lenye harufu ya duka la tambi la mama.

La pili lilinitia hofu.
"Chigusa, iue ile meza!"
Nikasimama na nyundo, nikiitazama,
meza ya watu, miguu minne, haijamkosea mtu.
Kumbe kuua ni kukigongomea kitu sakafuni
kisitikisike mchezaji akikirukia.
Taa nayo huuawa, kwa kidole.
Jioni ile tuliua vitu kumi na saba
wala polisi hawakuja.

Njia ya maua haina ua hata moja:
ni ubao mrefu upitao katikati ya watazamaji,
umelainishwa na soksi za waliokwisha kufa.
Chini ya jukwaa ni jehanamu.
Ndivyo paitwavyo, si mimi.
Pana gurudumu la kuzungusha jukwaa, popo wawili,
birika la chai, redio ya besiboli,
na wanaume wanne wanaosukuma ikulu nzima kwa mabega
huku wakibishana bei ya vitunguu.
Nilikaa jehanamu miaka miwili. Ni baridi.

Figili ni mchezaji asiyejua kuigiza.
(Usimwite hivyo akusikie.
Nilimwita. Nikaosha vyoo mwezi mzima.)
Ubao wa pili ni kijana mzuri wa sura,
ubao wa tatu ni mchekeshaji.
"Na sisi ni ubao wa ngapi?"
"Sisi," akasema, akinifunika uso kwa kitambaa cheusi,
"ndio tunaokanyagwa." Kisha akapiga chafya.

Nyeusi maana yake: hayupo.
Nilipiga magoti katikati ya mwanga, mbele ya watu mia tatu,
nikimshikia shujaa kigoda asianguke.
Mama alikuwa mstari wa nne.
Baadaye akaniuliza nilikuwa wapi.

Na kucheka.
Kucheka ni kuondoa.
"Cheka kikombe!" Kikombe kitoke jukwaani.
"Cheka mwavuli, cheka farasi, cheka jumba!"
Nilimwuliza kwa nini. Hajui.
Aliyemfundisha naye hakujua,
na neno lisilo na ukoo hung'ang'ania kama kupe.

Mwezi wa pili ilianguka theluji ya kweli,
si ile yetu ya karatasi, tuliyoikata pembetatu pembetatu
mpaka mikasi ikatuachia sugu.
Bwana Hyodo hakuja.
Kigoda chake kilikuwa kushoto, nyuma ya pazia,
mto umebonyea, glavu moja juu yake.
Simu ililia ofisini, ikapokewa, ikawekwa.
Msimamizi akaja, akakitazama kigoda.
Watu walikuwa wameshaanza kuketi ukumbini.
"Chigusa," akasema, "kicheke."

Nikakicheka.
Nilidhani kitakuwa kizito. Kilikuwa chepesi,
na chini ya mguu mmoja alikuwa amebandika
kipande cha tambara, kisipige kelele.

Usiku tulikwenda mkeshani,
tukapanga foleni mlangoni, rangi bado kuchani,
tukainama mbele ya Bi Mineko,
na wa mbele yetu, mtu wa gurudumu, ulimi ukamponyoka:
"Habari za asubuhi."

Tukaganda. Saa tatu usiku, uvumba unafuka,
mwenye nyumba amelazwa chumba cha ndani.
Bi Mineko, ambaye kwa miaka arobaini
hakuwahi kukanyaga ukumbi wetu,
akatutazama mmoja mmoja.
"Njema," akasema.
"Vueni viatu, theluji inaingia."