Ndoo ya Miwani

Kazi yangu ni ndoo.
Ndoo ya buluu, iliyowahi kubeba rangi ya ukuta,
ndani nimetandika kitenge cha mama kilichochakaa
ili vioo visikwaruzane.
Kabla Joka halijaanza kupanda
napita kiti kwa kiti nikisema:
miwani, tafadhali. Kofia.
Meno ya bandia, kama yanacheza.
Kwenye meno watu wanacheka.
Kwenye miwani wanasita.

Kusita huko nimekuzoea.
Mtu anashika fremu kwa vidole viwili,
anatazama mara ya mwisho: mkewe, ngazi, mimi,
kisha anaivua na uso unabaki uchi,
alama mbili nyekundu puani
kama mahali palipong'olewa hema.
Halafu anatabasamu
upande ambao sipo.

Joka lilifika Lubumbashi ndani ya makontena matatu
na maandishi ambayo hata fundi Kapend hakuyaweza.
Tulilifunga kwa kubahatisha na kwa sala.
Boliti kumi na moja zikabaki.
Patroni alisema ni za akiba.
Sijawahi kulipanda.

Oktoba moja, joto la kulainisha lami,
akaja papa Mukalay wa Katuba,
miaka thelathini mbele ya tanuru la shaba,
miwani minene kama vitako vya chupa,
kaifunga kisogoni kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.
Nikanyoosha ndoo.
Akaitazama kama mtu anayedaiwa deni asilolikopa.
“Kijana, miye nililipa ya kuona.
Kama ni kuzungushwa tu,
mushahara ilinizungusha miaka yote.”
Foleni ikaangua kicheko.
Patroni alikuwa amefuata mafuta ya jenereta.
Nikafunga mnyororo, nikageukia pembeni.

Ta-ka, ta-ka, ta-ka, Joka likapanda,
na sauti yake ikaanza kutushukia vipande vipande:
“Shimine! Naiona shimine!
Na mulima ule mweusi, kumbe ni mudogo hivi!
Na bati yangu, ile ya kijani,
Mujinga, mama, bati iko na tund—”
Hapo likadondoka.

Aliteremka bila kofia, bila kiatu cha kushoto,
miwani mahali pake.
Hakusema asante.
Aliniuliza bei ya lami ya kuzibia bati.

Na ule usiku umeme ulipokatika
wakabaki kumi na wawili mgongoni mwa Joka,
watano macho yao nikiwa nayo mimi.
Mama mmoja akauliza kutoka gizani, polepole,
kama anayeuliza bei ya unga:
“Kijana, huko chini kuko nini?”
Nikawasha simu, nikaanza kumhesabia.
Kuna muuza karanga, anajipepea kwa kifuniko.
Kuna mbwa.
Kuna bwana wako, amekushikia viatu.
Kuna ngazi, inakuja.

Ngazi haikuwepo.
Ilifika saa mbili baadaye,
na hakuna aliyenidai ule uongo.

Jozi moja haijarudiwa na mwenyewe.
Fremu nyekundu, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa kushonea.
Niliikuta chini ya kitenge Jumatatu ya Pasaka
nilipokuwa naosha ndoo.
Najiuliza alifikaje nyumbani,
alishika bega la nani, alipanda basi la wapi,
au kama huko juu, bila miwani,
aliona kitu kikamtosha.

Jioni nikishafunga geti huwa naivaa kidogo.
Taa za mji zinavimba, zinakuwa machungwa,
reli za Joka zinalegea kama tambi.
Kichwa kinaniuma.
Naivua, naifuta kwa pindo la shati,
nairudisha ndooni, nailaza chali,
asije akatokea kesho
akaikuta kifudifudi.