Kava la Chini

Limekwaruza lami tangu Hyrynsalmi
likipiga kelele kama sufuria iliyofungwa mkiani mwa mbwa,
na sasa limelala kwenye sakafu ya gereji yangu:
kava la chini ya injini, plastiki nyeusi,
boliti mbili kati ya tisa.
Zilizobaki ni waya. Waya wa Tauno.
Naujua mkono wake, anavyosokota mara tatu
kisha akaikunja ncha kwa ndani
ili isimchane mtu.

Raili hajavua glavu.
"Seppo," anasema, "nilirudishe au nilitupe?"
Kama anayeuliza bei ya viazi.

Namwambia yale ambayo fundi humwambia mteja.
Liondoe, nami nitabadilisha oili bila kulaani,
joto litapata pa kutokea mwezi wa Julai,
na chochote kitakachovuja utakikuta asubuhi
kimeandikwa juu ya theluji, mbele ya mlango wako.
Liache, na chumvi ya barabarani haitailamba alternata,
mkanda hautatafuna changarawe,
injini itapata moto upesi siku za thelathini chini ya sifuri,
na ukiparamia jiwe katika njia ya ziwani
litaumia lenyewe kwanza.
"Ndiyo kazi yake," nasema. "Kuumia kwanza."

Hajibu. Anachuchumaa.

Ndani ya kava tunakuta
majani ya mbetula ya vuli nne au tano,
kiota cha panya kilichofumwa kwa sponji ya kiti,
spana namba kumi, yangu
(nilimnunia kijana wa mazoezi mwaka mzima kwa ajili yake),
na oili.
Oili nzito, imelala kama uji wa jana,
nusu lita, labda na zaidi.
Imevuja miaka,
na hakuna tone lililowahi kufika chini.
Ua wao ulikuwa safi. Raili mwenyewe aliusifia, hapa hapa,
akinicheka mimi na madoa yangu.

"Alijua?"

Natazama waya.
Aliyeufunga alilala chali chini ya gari hili kila vuli,
uso wake shubiri moja kutoka dimbwi hili.
"Huenda," nasema.

Wahenga walikwisha sema juu ya mficha maradhi.
Mimi nanyamaza. Tulimzika Februari,
ardhi ngumu hata mashine ya kuchimba ilisita.

"Daktari alimpa miezi ishirini," anasema Raili.
"Mimi nilipata wiki tatu.
Kila akienda Kajaani hospitali
aliniambia anapitia kwako kununua plagi."

Plagi. Mwaka ule wote
nilimuuzia Tauno balbu moja ya taa ya nyuma.
Alikaa pale, kwenye tairi lile, akanywa kahawa,
akaniambia Raili hajambo.

Sasa ananyanyuka, goti linalia,
anavua glavu moja na kuchovya kidole,
anakinusa.
"Ziba kwanza panapovuja."
Sili itatoka Oulu, Alhamisi kama lori likipita.
"Halafu lirudishe. Lakini hapa," na kidole cheusi kinachora duara
kwenye plastiki, chini kabisa, panapokusanya,
"hapa toboa. Tundu la ngumi.
Linikinge lipendavyo. Lisinifiche tu."

Ni ushauri mbaya. Theluji itaingia tunduni,
panya watashangilia kupata mlango.
Nimetoboa.
Nimepiga msasa kingo zake, nimefuta mafuta,
nimekata waya za Tauno moja baada ya nyingine
na kuzitupa kwenye kopo la chuma chakavu.

Ijumaa alikuja, akalipa taslimu,
akaikunja risiti bila kuisoma.
Boliti mpya zilizoandikwa pale ni sita.