Sura ya Sitini na Mbili

Alhamisi saa tatu usiku sura mpya huingia.
Cherehani nimeshaifunika, sare za shule za watoto wa watu
zimebaki na mkono mmoja mmoja.
Mihayo huja na baiskeli kutoka stesheni,
vidole vinanuka grisi, salamu yenyewe nusu:
"Shangazi, imeingia?"

Yeye husoma. Mimi husikiliza,
macho yangu niliyaacha kwenye tundu la sindano.
Ni hadithi ya Ng'wandu, mwana wa mtemi,
aliyelaaniwa na nyuki wa babu yake
akageuka nta, utosini hadi kisiginoni;
na ya Itunga, mhunzi,
asiyejua kazi nyingine ila moto.
Basi shida unaiona ilipo.

Sura ya nne waligusana vidole kisimani.
Nilidhani nimesikia vibaya.
Nikasema rudia. Akarudia, sauti chini,
kama mtu anayepita mbele ya wanaosali.
Sikusema kitu.
Wiki iliyofuata nilinunua bando mwenyewe.

Sasa niulize.
Najua Itunga anakoroma.
Najua Ng'wandu hukaa mbali na mafiga,
na jua la Septemba humlegeza mabega.
Najua mvukuto ulivyolala miezi saba,
nyundo ikaota kutu,
watu wakaleta majembe, wakarudi nayo butu,
wakaanza kuulizana njiani:
mwanamume gani huyu anazima moto wake,
na anauzimia nani?

Nimegombana na mwandishi nisiyemjua hata sura.
Alipomwoza Itunga kwa binti wa mganga
mkasi wangu ulikwenda upande, nikalipa gauni la mtu.
Mihayo hakuja siku nane.
Alipokuja, mashavu yalikuwa yameingia ndani.
"Hakutaka," akasema. "Walimzungushia ukoo mzima."
"Si angekataa?"
Akaniangalia.
"Shangazi. Angekataa, akalale wapi?"

Hivyo ndivyo tunavyozungumza, mwaka wa pili huu,
habari za watu wasiokuwepo.
Kaka yangu hupiga simu kutoka Urambo:
tumbaku imepata bei, kijana ataoa lini?
Nami humwuliza kama mvua imenyesha.
Mihayo, anakunja suruali isiyohitaji kukunjwa,
huniuliza: "Unadhani Itunga atarudi?"
Hulijibu swali hilo
na lile lililojificha kwenye pindo lake
kwa jibu moja:
"Akirudi, mlango upo."

Jana, sura ya sitini na mbili.
Itunga kafika usiku, hana nyundo, hana viatu,
amesimama nje ya nyumba ya nta.
Anainua mkono abishe,
na umeme ukakatika Ng'ambo nzima.
Simu ilikuwa na asilimia mbili. Nayo ikaaga.
Nikapapasa kabatini, nikawasha mshumaa,
ule mnene wa wafuga nyuki wa Sikonge.
Ukaanza kutiririka ubavuni.
Mihayo akautazama,
akacheka peke yake,
akaupuliza.
"Utamyeyusha, Shangazi."

Tukakaa gizani na harufu ya utambi.
Treni ya mizigo ikapiga honi, ikashika njia ya Kaliua.
Jirani alikuwa akimlaani mtu wa mita.

Kisha Mihayo akataja jina.
Halimo. Sura zote sitini na mbili ninazo kichwani,
jina hilo halimo.
Akalitaja tena
kana kwamba nimemwambia rudia.

Mimi mtu wa nguo, maneno si fani yangu.
Nilitafuta la maana, mkono ukakuta meza, ukakuta mkasi,
ukakuta goti lake linatetemeka.
Nikauliza lililotangulia kuja:
"Anakula matobolwa?"