Mizani ya Somoe

Somoe wa Nachilumba, leo nakuandikia,
mizani yetu yayumba, bado naisimamia,
korosho zajaa chumba, vumbi limetuingia,
jina lako ukutani, rangi haijafifia.

Nakukumbuka ukija, na viatu mkononi,
na cheti chako kimoja, kimekunjwa leso ndani.
Mwenyekiti kwa vioja, akaguna barazani:
"Mwanamke na mizani?" Ukamjibu: "Kwa nini?"

Kangomba ilimkomba, babayo msimu ule,
mti bado wajipamba, zikauzwa palepale,
kwa ndoo iliyovimba, isiyoshiba milele.
Ukaijua hesabu, hujaenda hata shule.

Mshale ulipotua, ukasoma kwa sauti,
hata bibi asojua, kutofautisha hati,
kilo zake akitua, azichore kwa kijiti,
wanawe waje wasome, wathibitishe risiti.

Mnunuzi wa mjini, alikuja na bahasha:
"Kilo moja, kwani nini? Kila gunia, yatosha."
Ukaipima mizani, wote ukawaonyesha.
"Robo kilo," ukasoma, "bahasha haijatosha."

Msimu wa deni ule, malipo yalipozama,
ukenda Mtwara kule, kwa lori umesimama,
siku tatu pale pale, ngazini umeegama,
ukarudi na orodha, mkutanoni kasoma.

Ndipo likazuka neno: "Huyu tumpeni jimbo."
Wakaja wenye vinono, fulana, chumvi na nyimbo;
wewe kalamu na wino, na baiskeli ya kombo,
nami nyuma nasukuma, kila mchanga ni jambo.

Ulianguka ya kwanza, kwa kura mia na nne,
kesho yake ukaanza, kupima kama wengine.
Wakaja wa kukufunza: "Hiyo kazi ya wanene."
Hukujibu. Ukasoma: "Kilo sabini na nane."

Ya pili, usiku kucha, kituo hakina taa,
macho tukiyafikicha, tukahesabu na njaa,
kura zikawa mapacha, bado sanduku la Mbaa.
Kura kumi na moja tu! Mama yako akakaa.

Ulifungasha ming'oko, begi lenye zipu mbovu,
mamayo kasema: "Huko, usizoee uvivu."
Ukapunga leso yako, vumbi jekundu, na kavu,
ukaniacha na ghala, na ufunguo mchovu.

Tukajazana kwa Nguli, kwenye luninga ya chogo.
Umejitanda kwa shali, la bei, lenye mikogo.
Dakika tano kamili, za kuutua mzigo,
na sisi tulikutuma, magunia, si kidogo:

dawa zifike mapema, si ua likishapita,
malipo bila lawama, wiki mbili, sio sita,
zahanati ni kilema, kitanda kimoja kata,
na maji, maji, Somoe, bonde limetuburuta.

Wajua ngazi za bonde, mia tatu na sabini,
mama zetu wazipande, na ndoo ya utosini,
na dada yako Nambande, na mimba, akenda chini.
Hilo hatukuandika. Lilikuwa kifuani.

Ukaanza na salamu, ndefu, zisizo na kite,
dakika moja, timamu, zikaenda kama mate.
Nguli akashikwa hamu: "Yataje maji! Yalete!"
Ukavua miwaniyo. Ukimya, ukumbi wote.

"Nilikuwa mpimaji," ukasema taratibu,
"leo napimia maji, ndoo moja na hesabu:
uzito wa mpandaji, kilo ishirini, tabu,
na dada, na mtotowe." Kengele ikakujibu.

Na dawa hukuzitaja, malipo hukuyagusa,
kitanda chetu kimoja, kimebaki hapa sasa,
na wapo wanakungoja, wasema umetutosa.
Mimi nilie, nicheke? Sijui lipi lapasa.

Juzi zimeshushwa bomba, sabini, kando ya soko,
watoto ndani watamba, wakiita jina lako.
Maji? Bado. Ninaomba, yasikawie yaliko.
Moja nimeshaipima: tupu, kilo tisa. Zako.