Kitovu cha Mtoto wa Watu

Kisigino changu kiliungua Julai, uani kwetu Maabila,
juu ya vigae, nikianika mashuka.
Sikuhisi. Sukari imeninyang'anya miguu kimyakimya,
kama mpangaji ahamishaye vyombo usiku.
Mjukuu ndiye aliyeona: Bibi, unaacha alama sakafuni.

Miezi saba. Asali, bizari, dawa za kupangia foleni,
shashi zikitoka na rangi ya chai ya maziwa.
Daktari mmoja akashika kalamu, akachora mstari
juu ya kifundo, taratibu, kama fundi cherehani
apimaye suruali ya kukata.
Nikavuta mguu wangu.

Ndipo Thuwaiba wa maabara
akaja na kisahani cha kioo na Kiswahili chake cha Maskati,
chenye kokoto za Kiarabu katikati.
"Bibi, jeli hii imetokana na maganda ya kamba wa Masira.
Ni kiunzi tu, fito za nyumba isiyokandikwa.
Ndani yake tumepanda seli shina
za kitovu cha mtoto aliyezaliwa humu humu.
Hazijaamua bado ziwe nini."

Nikacheka hadi mashine ikalia.
Hazijaamua! Nami nina sabini na tisa.

Mwanangu nisiyekujua jina,
kwetu kitovu hakitupwi.
Changu kilifukiwa Wete, nyuma ya jiko, penye mdimu,
na hapa kila asikiaye lafudhi yangu huniuliza
kwetu hasa ni wapi. Miaka hamsini nawajibu
kwa kuwamiminia kahawa.
Chako wamekifukia kisiginoni mwangu.

Basi ukikua, ukiulizwa,
ujue kipande cha kwenu kiko Maabila, kinapanda ngazi,
kimevaa kandambili ndani na nje
(nimeapishwa).

Sisemi kimepona. Leo wiki ya sita.
Thuwaiba hupima kwa rula, huandika, hataki kuahidi:
"Ni majaribio, Bibi. Kwa wengine hazikushika."
Ila pembeni, pale palipokuwa na ukingo mweusi,
pameota kijingozi chembamba kama utando wa maziwa,
na jana, shashi ilipobanduliwa,
paliniuma.

Paliniuma!
Nikamshika Thuwaiba mkono,
nikamwambia abandue tena.