Safu ya Kumi na Nne

Jumatano, siku tatu kabla ya Idi, Wadi Kabir,
kompyuta yangu ya mishahara imekataa kuamka.
Nabonyeza: taa inakuja, feni inavuta pumzi,
kisha kioo cheusi na mstari mmoja mweupe
unaosema, bila hata samahani, kwamba diski haipo.

Haipo! Diski iliyolala humo miaka sita,
kifuani mwake mwenyewe.
Nikazima, nikawasha. Nikasoma Fatiha, nikawasha tena.
Haipo.
Mtihani.

Nje joto limefika nyuzi arobaini na sita
na watu kumi na tisa wanapitapita mlangoni kwangu
wakijifanya wanatafuta spana.

Hilali, mwenye karakana, kapiga simu kutoka Samail:
"Ipeleke Ruwi, kwa yule wa ghorofa ya pili."
Yule wa ghorofa ya pili kasafiri kwao jana.
Kafuli lake nimelishika kwa mkono wangu, lilikuwa la moto.

Ndipo akaingia Mbwana, fundi umeme wa magari,
mtu wa Lushoto, grisi imemkolea hadi kwenye viwiko.
Akaiinamia kompyuta kama anavyoinamia Land Kruza,
sikio kwanza.
"Bi Raya, injini inapiga ila haiwaki.
Usinunue injini. Tuulize kwanza, mafuta yanafika?"

Nikamwambia hili si gari.
"Kila kinachowaka kina njia yake," akasema,
akavuta kiti.

Tukaingia kwenye baiosi, ule ukumbi wa buluu
ninaouogopa kama chumba cha daktari wa meno.
Orodha ya kuwashia: wa kwanza flashi, wa pili mtandao,
wa tatu, pale lilipokaa jina la diski,
kistari tu.
Flashi nikaichomoa, nikidhani ndiye mchawi.
Siye. Ilikuwa na picha za harusi ya dada yangu.
"Basi haioni," akasema Mbwana.
"Kutoonekana si kufa."

Akaomba bisibisi ndogo, ile ya miwani.
Betri ikatoka. Skrubu kumi na mbili:
kumi na moja alizipanga kwenye kisahani cha kahawa
kwa mpango ule ule zilivyotoka,
moja iliruka ikaenda zake
na mpaka leo hatujaonana nayo.

Ndani, vumbi la chuma, laini kama poda ya mtoto,
na diski nzima, haina hata mkwaruzo,
ila utepe wake mwembamba umechomoka upande mmoja,
kiasi cha unene wa ukucha.
Akatazama meza. Akatazama ukuta.
Nyuma ya ukuta, kompresa inanguruma tangu asubuhi.
"Miaka sita inatetemeshwa," akasema,
"nani asingelegea?"

Akapuliza. Akausukuma utepe kwa kidole gumba.
Mimi sikusikia kitu. Yeye alisikia.

Nikabonyeza.
Taa, feni, kioo cheusi, kioo cheusi,
kioo cheusi,
kisha binti yangu kwenye ngome ya Nizwa,
kafumba macho kwa jua, anacheka.

Nikamuuliza, nikupe nini?
Akajifuta mikono kwa tambara, akasema nifungue orodha.
Kidole chake kikateremka hewani, bila kugusa kioo,
hadi safu ya kumi na nne.
*Mubana Shikilandi.*
"Huyo ndiye anayelipwa kila mwezi," akasema.
"Mimi humtilia sahihi tu."

Miaka sita. Na niliyeandika ni mimi.

Akanitajia herufi moja moja, polepole,
kama anayemsomesha mtoto, wala hakunisimanga:
Mbwana Shekilindi.
Nikahifadhi. Nikahifadhi tena kwenye flashi,
jirani na harusi, maana sasa nimekuwa mwoga.
Akalisoma mara mbili, midomo ikicheza,
akarudi kwenye Land Kruza iliyomngoja boneti wazi.

Meza nimeihamisha siku ile ile.